Mapacha Njiti na Mchango wa Kopo

Wiki hii simu zangu karibu zote ni za Matambarale. Kwa wasiopajua, ni kule Lindi, nchi ya ufuta na korosho. Dada yangu, binti wa mama mkubwa, amejifungua mapacha wa miezi saba. Kulwa ana kilo 1.6, Doto 1.3. Bado wamelazwa, na ndugu tumetakiwa kuchanga pesa za maziwa ya kopo. "Mwanangu, ziwa la mtu mmoja litatosha midomo miwili?" ananiuliza mama mkubwa.

Mimi nimepinga, na sasa ukoo mzima unaniona bahili wa mjini. Basi ngoja nijieleze.

Utumbo wa njiti haujakomaa. Kuna ugonjwa unaitwa nekrotaizingi enterokolaitisi, kwa kifupi NEC (siyo ile ya chama, jamani). Ukuta wa utumbo unavimba, bakteria wanapenya, na sehemu ya utumbo inaweza kufa. Mara nyingi huingia wiki ya pili au ya tatu, pale watu wanapoanza kushusha pumzi. Walio chini ya kilo 1.5 ndio walio hatarini zaidi.

Upacha unaingiaje hapo? Kwanza, mapacha wengi huzaliwa kabla ya wakati. Pili, wakitumia kondo moja, mmoja anaweza kupunjwa damu akazaliwa mdogo zaidi. Tatu, utafiti wa mapacha njiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kuwa urithi na mazingira ya pamoja vinachangia. Kwa hiyo mmoja akiugua, na mwenzake aangaliwe kwa jicho kali.

Hayo hatuna uwezo nayo. Kopo tunao. Mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole wa Uingereza walichapisha utafiti wa njiti 926: waliolishwa kopo tupu waliugua NEC mara 6 hadi 10 zaidi ya waliopata maziwa ya mama matupu. Daktari akisema kopo ni lazima, sawa, hiyo ni habari nyingine. Lakini kikao cha ukoo si daktari! Maziwa huja kadiri yanavyokamuliwa, mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Na yale ya njano ya mwanzo hayamwagwi hata tone.

Sasa mchango uende wapi? Uende kwenye chakula cha mzazi, na kwenye nauli ya mtu wa kumpokea. Njiti hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaroo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, uliofanyika nchi tano ikiwemo Tanzania, ulionyesha kuwa kuanza hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo. Kifua cha baba au cha bibi nacho kinafaa.

Nimemwomba mama mkubwa ashike haya tu: tumbo kuvimba, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, mtoto kulegea au kugoma kula. Akiona hata moja, amwite nesi hapo hapo, asingoje kupambazuke.

Yangu nimeshatuma, nikaandika: "Ya samaki, uji na nauli." Mama mkubwa bado amenuna. Kwenu mngemwambiaje?