Printa iliyoandika 31-111

Wiki iliyopita mmoja wenu aliuliza kwa nini sisi vijana wa Base Camp bado tunahangaika na kompyuta za zamani wakati simu zipo. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Naandika yote.

Mama yangu yuko kwenye kikundi cha akiba, wamama wanaokutana kila Jumamosi chini ya mwembe. Mwaka jana wakati wa kugawana pesa kulitokea kelele mbaya sana. Kitabu cha mama mmoja kililowa mvua, wino ukatoka wote, na hakukuwa na kopi. Yeye anasema alikuwa na hisa hizi, katibu anasema hapana, ni hizi. Hakuna aliyeiba, mimi naamini hivyo, lakini mpaka leo wamama wawili hawasalimiani. Kwa hiyo kikundi kikaamua: kila mtu akiweka pesa apate karatasi, na kopi ibaki kwenye sanduku.

Sasa hapo ndipo sisi tukaingia. Kituo chetu cha vijana kilikuwa kimepewa kompyuta mbili nzee na printa moja ya sindano, ile inayopiga kelele kama nzige. Wengine walitaka tuiuze kama chuma. Lakini fikiria: printa ya kisasa inamwaga wino au unga juu ya karatasi, haigongi. Hii ina sindano 9 zinazogonga utepe, kwa hiyo ukiweka karatasi mbili na kaboni katikati, zote mbili zinaandikwa kwa mara moja. Risiti na kopi yake. Kwa kazi ya wamama hakuna nzuri kuishinda.

Shida ilikuwa waya. Laptop yetu haina tundu lake. Tulinunua adapta ya USB Mbarara, lakini ile programu ndogo ya katibu ni ya zamani, inatuma maandishi kwa jina LPT1, na adapta ilijitambulisha kwa kompyuta kama printa ya USB tu, si LPT1. Pesa ilienda bure. Ikabaki kutumia kompyuta nzee, ambayo nyuma ina tundu pana la rangi ya zambarau lenye vishimo 25. Hiyo ndiyo poti sambamba. Upande wa printa kiungo ni kipana zaidi, kina migusano 36 na vishikizo viwili vya waya pembeni. Wanakiita Centronics, jina la kampuni ya Marekani iliyoanza nacho miaka ya 1970. IBM waliweka poti hii kwenye PC yao ya mwaka 1981, na kwa miaka zaidi ya ishirini karibu kila kompyuta ya ofisi ilikuwa nayo.

Niwaambie ukweli, siku ile nilikuwa na haraka. Jenereta ya kinyozi tunalipa kwa saa. Giza nyuma ya meza, mimi nasukuma plagi, haiingii, nasukuma tena kwa nguvu, nageuza, ikaingia. Nikaona mimi ni fundi. Wamama walikuwa wamekaa kwenye benchi wanangoja. Katibu akaandika risiti ya kwanza, ya mama yangu mwenyewe: AKIBA YA MAMA 20,000. Printa ikalia, karatasi ikatoka hivi:

AKICA!YA!MAMA!31-111

Kimya. Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Si nilisema? Mashine inaongeza." Mwingine akajibu, "Leo inaongeza, kesho itapunguza." Wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mama yangu aliniangalia tu. Mwekahazina akafunga sanduku, wakarudi kwenye kitabu cha kalamu.

Nilichomoa waya kwa hasira, kompyuta inawaka bado. Hapo papa mmoja aliyekuwa anangoja kunyolewa akanipigia kelele: "Eh, mtoto yangu! Kwanza zima! Unataka kuunguza?" Papa huyu alikuwa karani wa stoo Uvira kabla ya kukimbia, na alichapa hati za kutoa mizigo kwa printa kama hii miaka mingi. Sikujua. Tunaishi naye mtaa mmoja tangu nifike, na nilimjua kama mzee anayeuza mkaa.

Akanieleza kwamba poti hii si kama USB. Umeme wake ni volti 5, inaunganishwa moja kwa moja na bodi ya kompyuta, na ukichomoa au kuchomeka vitu vikiwa vinawaka unaweza kuua poti au printa. Nilikuwa na bahati. Halafu akachukua kijiti akachora mavumbini jinsi waya zinavyoongea.

Waya nane zinabeba herufi moja, zote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana inaitwa sambamba: ni kama watu nane wanaovuka mto bega kwa bega, si mmoja nyuma ya mwingine. Ziko kwenye pini ya 2 mpaka ya 9. Kompyuta ikishaweka herufi kwenye hizo nane, inagusa pini ya 1 kidogo tu, maana yake "soma sasa." Printa ikiwa na kazi inainua pini ya 11: "subiri, niko bize." Ikishapokea inajibu kwa pini ya 10: "nimepata, leta nyingine." Karatasi ikiisha, pini ya 12 inasema. Zile za mwisho, 18 mpaka 25, ni za kurudisha umeme. Papa akacheka: "Ona, hata mashine inajibiwa ikiuliza. Sisi tunajaza fomu tunangoja miaka."

Kisha akaniambia niichape printa peke yake kwanza, bila kompyuta. Unashika kitufe cha karatasi huku unawasha, na yenyewe inaandika herufi zake. Zilitoka safi. Basi printa haina kosa. Tukazima, tukarudisha waya, tukawasha, akasema tuma A mpaka Z. Ikatoka:

ACCEEGGIIKKMMOOQQSSUUWWYY[

Papa akasema, "Kuna waya moja haifiki," akaenda kunyolewa.

Usiku nilitafuta daftari langu la kompyuta la sekondari. Mwalimu alitukaririsha kwamba kila herufi ni namba: A ni 65, B ni 66, C ni 67. Na kila namba kompyuta inaiandika kwa sifuri na moja, nafasi nane. Nilianza kuandika kwa tochi ya simu. 2 ni namba 50, yaani 00110010. 3 ni 51, yaani 00110011. Tofauti ni nafasi ya mwisho peke yake! 0 ni 48, ikawa 1 ambayo ni 49. Alama ya mkato ni 44, ikawa kistari, 45. Hata nafasi tupu ni namba, 32, ikawa alama ya mshangao, 33. Kila namba shufwa ilikuwa imepandishwa moja. Zile witiri hazikuguswa, ndiyo maana neno MAMA lilitoka zima: M ni 77, A ni 65.

Nilikaa pale nikacheka peke yangu. Mdogo wangu akaamka akaniuliza kama naumwa.

Nafasi ya mwisho inapita kwenye pini ya 2. Waya ikiwa haigusi, printa yetu inaisoma kama ina umeme, yaani 1 siku zote. Asubuhi nilizima kila kitu, nikachomoa plagi, nikaiangalia kwenye jua. Namba ndogo sana zimeandikwa kando ya kila pini. Ya 2 ilikuwa imelala chali kabisa. Mimi mwenyewe niliilaza, nilipokuwa nasukuma kichwa chini miguu juu. Ile plagi ina umbo la D makusudi ili isiingie vibaya, lakini nguvu ya mtu mwenye haraka haiangalii umbo.

Nilichukua bomba la wino la kalamu iliyokwisha, nikalivisha juu ya pini, nikainua polepole. Pini hizi ukizikunja mara mbili tatu zinakatika, kwa hiyo usitumie koleo kama hujazoea. Ilisimama. A mpaka Z ikatoka nzima.

Jumamosi iliyofuata sikuwaambia wamama waniamini tu. Nilibeba ile karatasi mbovu na daftari, nikawaonyesha pini ilivyokuwa imelala. Tukachapa risiti kumi kwanza, na kila mama akalinganisha yake na kitabu cha kalamu kabla ya kusaini. Kitabu hatujakiacha. Tunatumia vyote viwili, na mimi naona ni sawa hivyo. Yule aliyesema mashine inaongeza sasa ndiye anayeshika kopi. Mama yangu alikunja risiti yake ya 20,000 akaifunga kwenye pindo la kitenge, halafu akaniomba na ile ya 31-111. Anasema siku ya kugawana ataanza kudai kwa hiyo.

Kilichobaki ni utepe. Umeanza kufifia, na kopi ya chini inasomeka vizuri kuliko ya juu. Aliyeko Mbarara au Kampala akiona utepe wa printa ya sindano 9, aniandikie bei.