Mji Mkongwe: Panda ngazi kwanza, lipa baadaye!

Wikiendi ndefu ikija, vijana wa Dar wenye vijisenti huwaza boti: saa 2 hivi baharini, unashuka Unguja. Sasa utalala wapi? Hoteli ya vioo utaikuta hata Posta, ya nini kuvuka maji? Mimi nazimaindi zile nyumba za kale zilizogeuzwa hoteli, kama Emerson on Hurumzi: kitanda cha samadari, zidaka ukutani, na chakula cha jioni juu ya paa huku jua likizama.

Ila mshkaji, usizuzuliwe na mlango wa nakshi, hulali mlangoni! Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti hazizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, ulipe usilipe. Vya chini vina kiza na unyevu. Vya juu vina upepo mwanana, lakini lifti ni nadra na ngazi zimesimama wima, magoti yatakoma.

Basi kabla mshahara haujatoka mfukoni, omba upande ukakione chumba. Fungua bomba, maji yanafika? Dirisha linatazama nini? Halafu uliza bei ya wakazi, kitambulisho mkononi. Ile ya wageni waachie watalii.

Safari iliyopita mimi na waifu tulikagua tatu, tukachukua ya uchochoroni, ghorofa ya pili. Chenji iliyobaki? Iliishia Forodhani, kwenye urojo na mishikaki.