Kazi ya Pompiye Nayo Inahesabiwa Chuoni



Katika vikundi vyetu kuna swali linalorudi kila mara: mtoto aliyekwisha kuanza kazi, anaweza kurudi shuleni bila kuacha mkate wake? Juma hili tunajibu kwa mfano unaotoka mbali, Marekani, katika kazi ya wazimamoto, wale tunaowaita mapompiye. Tumeuchagua kwa sababu uliingia katika jamaa yetu, tukalazimika kuusoma vizuri.

Mtoto wa dada yetu mkubwa, ambaye kwa desturi ni mtoto wetu pia, alifika Marekani na wakimbizi wengine waliotoka kambi ya Nakivale, Uganda. Alianza kwa kubeba mizigo katika depo, kisha akajifunza kazi ya pompiye, na sasa ana miaka 7 ndani yake. Mshahara wake unalisha pande mbili: bibi yake na watoto kule, na minervali ya wadogo zake watatu hapa kwetu. Mwaka jana alituandikia: «Mama mdogo, wananiambia siwezi kupanda cheo bila diploma ya chuo. Nataka kuacha kazi nisome miaka miwili.» Dada yetu aliposikia, usingizi ulimkimbia. Miaka miwili bila mshahara, maana yake watoto watatu watafukuzwa darasani.

Sisi tulisoma ISP, na tunajua kidogo jinsi chuo kinavyohesabu masomo. Tukamwomba asitie sahihi karatasi yoyote ya kuacha kazi kabla ya kuuliza jambo moja: formasyo zote alizofanya kazini, chuo kinaweza kuzihesabu?

Ili tuelewane, tuanze na hesabu yenyewe. Kule Marekani masomo ya chuo hupimwa kwa kredi. Diploma ya kwanza, ya miaka miwili, inadai karibu kredi 60. Digrii ya miaka minne inadai karibu 120. Msichanganye na kredi za LMD za hapa kwetu: sisi mwaka mmoja ni kredi 60, na licence ni 180. Jina ni moja, kipimo ni tofauti, kama vile debe la soko moja lisivyolingana na debe la soko lingine.

Sasa, mapompiye wa Marekani wana shule yao kubwa ya taifa, National Fire Academy, katika mji mdogo wa Emmitsburg, jimbo la Maryland. Mwaka 1973 tume ya serikali ilitoa ripoti juu ya watu wengi waliokuwa wakifa kwa moto katika nchi ile tajiri, ikashauri pawe na shule hiyo. Sheria ilifuata mwaka 1974. Nyumba za shule hiyo zilikuwa kwanza chuo cha wasichana, kilichotokana na kazi aliyoianza Mama Elizabeth Ann Seton mahali pale tangu mwaka 1809, yule ambaye Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 1975. Kwa kawaida pompiye anayekubaliwa kusoma pale halipi ada ya masomo.

Masomo ya shule hiyo yanapimwa na baraza moja linaloitwa American Council on Education, kwa kifupi ACE, lililoundwa mwaka 1918. Tangu miaka ya 1940 baraza hilo linapima mafunzo ya askari waliotoka jeshini, na baadaye likapima pia mafunzo ya kazi nyingine. Walimu wa vyuo wanaangalia somo: lina saa ngapi, linafundisha nini, mwanafunzi anapimwa namna gani. Kisha wanasema, somo hili lina thamani ya kredi kadha. Hapo ACE inaishia. Haimlazimishi mtu, inatoa shauri tu, na kila chuo kinaamua chenyewe kama kitapokea. Ndiyo maana mtu anaweza kukataliwa hapa na kukubaliwa pale kwa karatasi zilezile.

Viko vyuo vya serikali vilivyoundwa hasa kwa ajili ya watu wazima wenye kazi. Thomas Edison State University ya New Jersey ilianza mwaka 1972, na Charter Oak State College ya Connecticut mwaka 1973. Huko mtu anaweza kupata kredi kwa njia tatu. Ya kwanza ni formasyo zilizokwisha kupimwa, kama tulivyosema. Ya pili ni mtihani: unajua somo bila kuketi darasani, unafanya mtihani, ukifaulu unahesabiwa. Ya tatu ni faili unaloandika mwenyewe, ukionyesha ulichojifunza kazini na vithibitisho vyake.

Njia hiyo ya tatu inawashinda wengi, na sisi kama walimu tunaelewa sababu. Chuo hakilipi miaka, kinalipa maarifa. Kuandika «nimezima moto miaka 7» hakutoshi. Tuchukue mfano wa jikoni. Kila mama anajua kwamba mafuta yakiwaka katika kikaango haumwagi maji, unafunika kwa kifuniko. Huo ni uzoefu. Lakini ukiweza kueleza kwamba maji ni mazito kuliko mafuta, yanashuka chini, yanachemka mara moja kwa ule moto mkali na kurusha mafuta yanayowaka kila upande, na kwamba kifuniko kinaunyima moto hewa, hayo ni maarifa yanayoweza kupimwa. Pompiye naye anajua kwamba mlango wa chumba kilichojaa moshi mzito haufunguliwi ovyo. Chuo kinataka aandike ni kwa nini: moto ule ndani una njaa ya hewa, na hewa ikiingia ghafula unaweza kulipuka usoni mwa anayefungua.

Kijana wetu alikusanya karatasi zake: formasyo ya kwanza na ya pili ya pompiye, ile ya huduma ya kwanza kwa wagonjwa wa dharura, na semina nyingine. Chuo kimoja kilimkatalia karibu zote. Cha pili kilimhesabia kredi 24 kati ya 60. Semina mbili zilizofundisha jambo lilelile zilihesabiwa mara moja tu. Karatasi alizopeleka mkononi hazikupokelewa, zilipaswa kutoka moja kwa moja kwenye ofisi iliyomfundisha. Na yako masomo ambayo kazi ya moto haikumpa: kuandika Kiingereza cha chuo na hesabu. Hayo anayasoma sasa kwenye intaneti, siku za mapumziko, kwa maana mapompiye wengi kule hufanya kazi saa 24 mfululizo kisha hupumzika siku mbili. Hakuacha kazi. Hatamaliza kwa miaka miwili, labda mitatu, lakini minervali ya muhula huu ililipwa, na wadogo zake wako darasani.

Lipo pia jambo la kuogopa. Viko vyuo vya uongo vinavyouza diploma kwa mtu yeyote anayetoa pesa, na chambo chao ni hicho hicho: «kazi yako inatosha, lipa tu upate digrii.» Chuo cha kweli hakikupi digrii nzima kwa kazi peke yake. Mara nyingi kinadai sehemu ya masomo usome kwake mwenyewe. Wenye watoto kule wawaambie waulize kwanza kama chuo kimekubaliwa na mashirika ya ukaguzi yanayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Waulize pia kama mji wao unawarudishia watumishi pesa ya masomo, maana miji mingi inafanya hivyo.

Na wenye mabinti wasidhani haya ni ya vijana wa kiume tu. Mwaka 1982, katika mji wa New York, wanawake karibu 40 waliingia katika kikosi cha mapompiye baada ya mwanasheria Brenda Berkman kushitaki mji mbele ya korti, kwa kuwa mtihani wa nguvu uliowazuia wanawake haukulingana na kazi yenyewe. Berkman mwenyewe akawa pompiye, na alistaafu akiwa kapteni.

Hapa kwetu hatuna mlango mpana namna hiyo, lakini tuna mmoja. Mtu aliyejisomea mwenyewe bila kumaliza shule anaweza kujiandikisha kama autodidacte na kufanya mtihani wa taifa, EXETAT, kwanza ile sehemu ya maandalizi, kisha mtihani wenyewe pamoja na watoto wa shule. Tunawajua akina mama waliofundisha chekechea miaka mingi bila karatasi, na wengine waliofanya kazi kwenye maternite au kwenye mashine ya kushona. Mlango huo ni wao pia.

Hata kabla ya mtihani, kuna kazi ya kufanya nyumbani. Wengi wetu tuna atestasio za semina chini ya godoro, nyingine zimekwisha kuliwa na panya. Tuzitoe, tuzisome. Nyingi zinasema tu kwamba mama fulani «alishiriki». Hazisemi saa ngapi, mafundisho gani, wala kama alipimwa na akafaulu. Karatasi ya namna hiyo hakuna chuo wala bosi anayeweza kuihesabu. Kwa hiyo shirika likija kutufundisha, tusingoje siku ya kufunga ili tupige picha. Tuombe siku ya kwanza kabisa: atestasio iandike saa, iandike masomo, iandike matokeo ya mtihani, na iwe na jina, muhuri na sahihi ya aliyefundisha.

Tunashauri kila kikundi kinunue daftari moja gumu kwa pesa ya kisanduku. Katibu aandike humo kila formasyo, tarehe yake, aliyefundisha na waliofaulu. Kila mama apige picha ya karatasi zake na kumtumia mtu mwingine anayemwamini, kwa sababu katika kartiye zetu za mbao nyumba ikishika moto, karatasi ndizo za kwanza kuungua, na gari la pompiye halifiki upesi. Asiyejua kusoma vizuri aje na bahasha yake kwenye mkutano ujao. Sisi walimu tutakuwa pale kabla ya saa, tutaziangalia pamoja, moja moja.