Sifa za bure hazilipi mkaa!

KAMA una mkono mzuri wa kupika kitu chochote, lazima umeshaambiwa hivi: "Ah, wewe ungefungua biashara ungetajirika!" Anayesema hivyo mara nyingi ana kikombe mkononi, na kikombe chenyewe hajakilipia.

Mimi ni binti wa Kibosho ninayeishi Sinza, na ugonjwa wangu ni mbege. Naipika mwenyewe wikiendi, kwa raha zangu. Wenzangu wanashinda saluni, mimi nashinda uani na pipa langu. Washikaji walikuwa wanakunywa, wanasifia, wanafuta midomo, wanaaga. Siku niliyotangaza kwamba sasa lita moja ni shilingi 2,000, ilikuwa kasheshe! Mmoja akakumbuka yuko kwenye dozi. Mwingine eti kaokoka tangu juzi. Wakabaki watatu, na hao ndio wateja wangu wa kwanza. Hapo nikajua kwamba rafiki ni rafiki, na soko ni soko.

Kwa asiyeijua, mbege ni pombe ya Wachagga. Unachemsha ndizi zilizoiva sana, unaziacha zichachuke siku kadhaa, halafu unachuja. Pembeni unakuwa na kimea cha ulezi: ulezi uliolowekwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Unga huo unaupikia uji, unaupoza, ndipo unauchanganya na maji ya ndizi. Ukiuchanganya ungali wa moto unaua chachu, na hapo huna pombe, una uji wa ndizi! Uchungu wake unatokana na gome la mti wa msesewe, ambalo mimi hutumiwa na basi kutoka nyumbani.

Sasa basi, kupika mbege tamu mara moja ni kipaji. Kupika ileile kila wiki ndiyo biashara, na kazi ipo hapo. Mama anapima msesewe kwa kiganja, na ndizi zake anaziacha siku tano. Lakini Kibosho kuna baridi ya mlima. Dar joto linaharakisha uchachu, na mwezi wa Januari siku tatu zinanitosha. Kwa hiyo nikanunua mzani mdogo wa jikoni na daftari. Kila pishi naandika: ndizi kilo ngapi, msesewe gramu ngapi, siku ngapi, jua au mvua. Mteja aliyependa mbege yako ya Pasaka anataka aikute hiyohiyo Idi Mosi, hataki hadithi za hali ya hewa.

Hata wakubwa walipita njia hiyo. Kule Marekani kuna bwana anaitwa Ken Grossman, alianza kwa kupika bia nyumbani, akafungua duka la vifaa vya wapishi wenzake pale Chico, California. Mwaka 1980 yeye na mwenzake wakaanza kupika bia ya Sierra Nevada kwa vifaa chakavu vya viwanda vya maziwa. Mapishi kadhaa ya mwanzo waliyamwaga, si kwa sababu yalikuwa mabaya, bali kwa sababu hayakulingana. Leo ni kiwanda kikubwa, bwana!

Tuje kwenye mshiko. Ndoo zangu mbili za lita 20 zinanigharimu hivi: ndizi za Mabibo 28,000, ulezi 9,000, mkaa 10,000, bajaji 8,000. Jumla 55,000. Nikiuza zote napata 80,000, faida 25,000. Inapendeza, si ndio? Sasa ndoo moja ikidoda mpaka Jumatatu, imeshakuwa siki. Nimepata 40,000 tu, na ile faida imegeuka hasara ya 15,000. Ndoo moja tu hiyo! Hapo jasho langu la siku zote hizo bado sijalihesabu.

Shida ni kwamba mbege ni kitu hai. Chachu inaendelea kula sukari na kutoa gesi hata ukiifungia. Nilijaza chupa tatu makusudi, nikaziweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, nione. Usiku wa pili, pwaa! Nikajaribu njia ya yule Mfaransa Louis Pasteur, aliyetoa kitabu kizima kuhusu bia mwaka 1876: kuipasha moto wa nyuzi 60 hivi ili chachu ife. Chupa zikatulia, lakini na mbege nayo ikatulia, ikawa kama juisi ya wagonjwa.

Nikaacha kushindana nayo. Siku hizi sipiki halafu nitafute mnywaji, natafuta mnywaji ndipo nipike. Sendofu, posa, kipaimara: mwenye shughuli analipa nusu mapema, na mimi nahesabu siku kurudi nyuma. Shughuli Jumamosi? Uji unachanganywa Ijumaa, ndizi zinachemshwa Jumanne, zinanunuliwa mbichi wiki moja kabla ili ziive. Hakuna ndoo ya kudoda.

Na karatasi msizikwepe, wajameni. Pombe za kienyeji zina leseni yake. Ukitaka kufika kwenye rafu za maduka kuna TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa vyakula na vinywaji. SIDO nao wanafundisha wajasiriamali wadogo. Asiyetimiza miaka 18 humuuzii, hata kama katumwa na baba yake.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kumwambia mama. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa lake, yeye na moshi wa kuni alfajiri. Nilipompigia simu alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, nilipika ili wewe ukae ofisini."

Kazi ya ofisini sijaiacha, na hilo nilimwambia. Nikampelekea daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, miwani puani. Nilikuwa nasubiri machozi au bakora. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Hapa msesewe umezidi." Basi. Tangu siku hiyo tunazungumza kama mafundi wawili, na nimegundua kwamba kile tulichokuwa tunakiita "pombe ya kina mama" kina hesabu ngumu kuliko za ofisini kwangu. Yeye alizifanya kichwani, akasomesha watoto wanne.

Kwa hiyo wewe mwenye mkono mtamu, uwe wa mbege, achari au keki: kabla hujaacha kazi, nunua daftari. Halafu taja bei, uone nani atabaki na kikombe mkononi.