Dunia Yapita Magogoni

Ndugu msomaji, kama hujapata kusimama Magogoni asubuhi ukingojea kivuko, bado hujaijua Dar es Salaam. Upande huu lipo Soko la Feri, wanunuzi wakishindana kwa sauti mnadani. Ng'ambo ni Kigamboni, wanakotoka wafanyakazi wengi wa mjini. Katikati ni mlango mwembamba wa bahari, na meli kubwa inapoingia bandarini, pantoni hungoja ipite. Hapo ndipo mtu hupata wasaa wa kuwaza.

Jumamosi iliyopita nilikuwa hapo na mwanangu wa miaka minane. Meli ya makontena ikapita mbele yetu, ndefu kwenda juu kama ghorofa. "Baba, inatoka wapi?" akauliza. Nikamjibu kwa mkato, "Mbali." Jibu hilo likanisuta mwenyewe.

Marehemu babu yangu, aliyekuwa kuli katika bandari hii hii, asingejibu hivyo. Hakusoma sana, lakini alijua kwamba mwaka 1967 vita vya Mashariki ya Kati viliufunga Mfereji wa Suez, nao haukufunguliwa mpaka 1975, meli za Ulaya na Asia zikalazimika kuizunguka Afrika. Kwake yeye, habari za dunia zilikuwa habari za chungu chake jikoni.

Sisi wa leo tunazipata habari kwa wepesi, nasi tunazipita kwa wepesi. Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama Suez kwa siku 6, tuliicheka kama tunavyomcheka mtu aliyekwama mlangoni na kitanda. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, tulisema huo ni ugomvi wa mbali. Kumbe nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani, nasi sehemu kubwa ya ngano yetu huagizwa kutoka nje.

Yupo mama auzaye maandazi hapo Magogoni. Mwaka ule wa 2022 hakupandisha bei, bali maandazi yake yalipungua ukubwa. Nami, bila haya, nikamwambia amekuwa mchoyo. Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, unga umepanda kwa sababu ya vita. Mimi nimesikia redioni. Wewe si ndiye mwandishi wa gazeti?"

Ndugu msomaji, sijapata kukosa jibu namna ile.

Basi Jumamosi hiyo nilimwendea, nikanunua maandazi mawili. Tukiwa juu ya pantoni nikamweleza mwanangu safari ya ngano: kutoka shamba la mkulima wa ng'ambo, melini, bandarini, kiwanda cha unga, mpaka kikaango cha yule mama. Alitafuna polepole, kisha akauliza, "Na vita vimekwisha?"

Wewe ungemjibuje mwanao?