Mstari uliosogea ndani

Nimekuwa kimya siku kadhaa, wasomaji wangu mnisamehe. Nilikuwa nauguza aibu.

Mnajua najifunza Python ili nisome mahesabu ya serikali za mitaa bila kutegemea mtu. Naandikia kwenye Vim, programu ambayo kwa miaka mingi ukiifungua tupu imekuwa ikikuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki mwaka 2023, aliwahi kujitolea kule Kibaale miaka ya 1990.

Sasa, Vim ina tabia moja. Ukiiwashia kupanga mistari yenyewe, kila ukibonyeza Enter inakuweka umbali uleule wa mstari uliopita. Inadhani inakusaidia. Katika lugha nyingi za kompyuta huo ni urembo tu. Katika Python umbali huo ndio sarufi: ndio unaosema mstari upi urudiwe na upi usubiri mzunguko uishe.

Juma lililopita nilikuwa najumlisha matumizi ya kata za halmashauri moja. Mstari wa kuingiza jumla ya kata kwenye jumla kuu ulitakiwa ukae nje ya mzunguko. Vim ikaniweka ndani, nami nikaandika hapohapo. Python haikulalamika, maana kisarufi hakuna kosa. Tuseme kata ina malipo matatu: 10, 20 na 30. Jibu ni 60. Mimi nilipata 100, kwa sababu iliongeza 10, kisha 30, kisha 60. Fanya hivyo kata zote uone.

Matumizi yakaipita bajeti mbali kabisa. Nikaandika habari kali ya ubadhirifu.

Mhariri wangu, mzee asiyejua Python hata chembe, akauliza: "Kijana, umejumlisha na kwa mkono?" Akavuta kikokotoo. Kufika kata ya pili akakiweka mezani, akanitazama tu.

Habari haikutoka. Ingetoka, kuna mweka hazina ambaye watoto wake wangeitwa watoto wa mwizi shuleni, kwa sababu ya nafasi nne tupu ambazo sikuzifuta.

Vim siilaumu, ilifanya kazi yake. Siku hizi mzunguko ukiisha nabonyeza Ctrl na D, mstari unarudi nje. Kisha naipa programu namba tatu ambazo jibu lake nalijua. Halafu ndiyo naenda kwa mzee.