Drafti na Mitego Yake

Drafti, au dama kama Waswahili wengine waiitavyo, ni mchezo ambao kila mtu hudhani kwamba anaujua. Sababu ya dhana hii ni wepesi wa vyombo vyake. Kipande cha ubao kilichochorwa miraba, vizibo vya soda ishirini na vinne, nusu vimelala chali na nusu kifudifudi, na watu wawili waliokabiliana juu ya benchi: hayo yakipatikana, mchezo umepatikana. Katika mji wa Bagamoyo vyombo hivi huonekana chini ya miembe, katika baraza za nyumba za mawe, na karibu na soko la samaki ufukoni. Msafiri aiachaye pwani na kushika barabara kuu ya Morogoro huviona tena Chalinze, na mbele yake tena Ubena Zomozi, kando ya njia ambapo magari ya mizigo hupita usiku na mchana.

Bao limeitangulia drafti kwa heshima. Lina istilahi zake, lina mabingwa wake, na wataalamu wamelichunguza. Mwaka 1995 Alexander de Voogt alitoa tasnifu yake ya udaktari juu ya umahiri wa wachezaji wa bao. Drafti, kinyume chake, huhesabiwa kuwa njia ya kupitisha wakati, kitu cha kufanywa na madereva wangojao abiria na wavuvi wangojao maji kujaa. Hukumu hii haina haki ndani yake. Mwenye kuitoa aghalabu ni mtu aliyefungwa mara nyingi akaona aibu kusema kwamba alishindwa katika jambo lenye akili.

Mitego yote ya drafti huzaliwa na sheria moja: kula ni lazima. Katika sataranji mtu akiwekewa farasi wa bure aweza kumtazama, kumshuku na kumwacha. Katika drafti hapana hiari hiyo. Kete ya adui iliyosimama mbele, na nyuma yake pana mraba mtupu, yapasa iliwe, ipendeze isipendeze. Kwa hiyo mchezaji hodari hautumii mkono wake peke yake. Huutumia na mkono wa mwenziwe. Humpa kete moja ili ampeleke mahali asipotaka kwenda, na mwenziwe huenda, kwa kuwa sheria imemshika sikio.

Ndiyo maana watu wa baraza moja wanapokutana na wa baraza nyingine huulizana kwanza juu ya sheria. Je, kete ndogo yaweza kula kwa kurudi nyuma? Je, kingi ikisha kula yaweza kusimama popote penye nafasi, au lazima itue mgongoni mwa kete iliyoliwa? Palipo na njia mbili za kula, nani achague? Maswali haya si ubishi mtupu. Sheria ikilegea kidogo, mtego uliojengwa kwa robo saa hauna nguvu tena. Zamani huko Ulaya mtu aliyesahau kula aliondolewa ile kete iliyopasa kula, na Wafaransa waliliita tendo hilo kupuliza, kana kwamba kete ni vumbi juu ya meza. Mchezo wa mashindano umekwisha kuiacha desturi hiyo. Aliyesahau hurudishwa akalazimishwa kula, hata kama mlo huo ndio mauti yake.

Mtego wa kwanza ambao mtoto hujifunza ni kutoa moja na kula mbili. Msomaji aliye na vizibo karibu na avipange. Kete mbili nyeusi zimesimama katika safu moja, na safu moja chini yao, katikati, pana mraba mtupu. Nyeupe ana kete mbili zinazouelekea mraba huo, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia. Na nyuma ya ile ya kushoto, katika mstari uleule wa hanamu, kete ya tatu imekaa katika safu ya mwisho ya nyumbani, mahali ambapo haiwezi kurukwa. Nyeupe husukuma ile ya kushoto iingie katika mraba mtupu. Nyeusi ya kushoto haiwezi kuila, maana mahali pa kutua pamezibwa. Nyeusi ya kulia yaweza, basi yapaswa. Huruka na kutua palepale ilipotoka kete iliyotolewa, mbele ya mlinzi wa nyumbani. Mlinzi huila, hutua mahali alipofia mwenzake, na kutoka hapo huiruka nyeusi ya pili, ikiwa mgongo wake uko wazi. Moja imekwenda, mbili zimerudi.

Hapo baraza hupiga kelele. Kizibo hugongwa kwa nguvu juu ya ubao, na jina la aliyefungwa huzunguka mtaani kwa muda wa siku mbili. Furaha hiyo ni ya halali, walakini hufundisha vibaya. Humfanya kijana aamini kwamba drafti ni elimu ya mapigo, na kwamba mwenye kukariri mapigo mengi ndiye bingwa. Kijana wa namna hii hucheza kama mvuvi arushaye wavu popote aonapo maji yametikisika. Akikutana na mpinzani asiyetikisika hupotea njia.

Kwa nini yule mwenye kete nyeusi aliziacha mbili zisimame vile, na migongo yao wazi? Mara nyingi hakufanya hivyo kwa ujinga. Alifanya hivyo kwa kuwa kila hatua nyingine iliyombakia ilikuwa mbaya kupita hiyo. Mtego mkubwa wa drafti ndio huu, nao hauna kelele: kumfikisha mtu mahali ambapo hana budi kusogea, wala hana mahali pema pa kusogea. Mchezo huu hauna zamu ya kupumzika. Mtu hawezi kusema, "Leo napita." Asiye na hatua hata moja ameshindwa, ingawa kete zake zote ziko hai.

Wazee wa mchezo huu hufanya hesabu yake bila karatasi. Majeshi mawili yakisha kuzuiana katikati, hutazama kando na nyuma, wakahesabu hatua za salama zilizobaki kwa kila upande. Tuseme nyeupe ana hatua tatu za salama, na nyeusi pia tatu, na zamu ni ya nyeupe. Mtu asiyejua atasema wako sawasawa. Kumbe nyeupe amekwisha kushindwa. Atatumia ya kwanza, naye mwenziwe ya kwanza. Ya pili kwa ya pili. Ya tatu kwa ya tatu. Kisha zamu itamrudia nyeupe naye hana kitu mfukoni, naye atalazimika kuifungua ngome yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye zamu huhitaji hatua moja zaidi ya mwenziwe. Kubadilishana kete moja kwa moja kwaweza kuigeuza hesabu hii yote, ndiyo maana mchezaji mkongwe huonekana akibadilishana kete bila faida yoyote ya macho, na watazamaji humcheka kwa kuwa hakula mbili. Yeye hakutaka kete. Alinunua zamu.

Yamkini mahali pia huathiri namna ya kucheza. Chalinze, ambapo njia ya Tanga na Moshi huachana na ya Morogoro, mchezaji hajui kama mpinzani wake atakuwapo baada ya nusu saa. Utingo akiitwa huondoka na mchezo umekatika. Kwa hiyo huko mtu hutafuta pigo la haraka. Bagamoyo mjini wakati ni mwingi zaidi. Jahazi lililokaa mchangani halitaondoka mpaka maji yajae, na aliyelingojea aweza kuhesabu hatua zake zote na za mwenziwe. Huenda tofauti hii isiwe kubwa kama watu wa Bagamoyo wapendavyo kudai, lakini wanaidai, na madai hayo huwalazimisha kucheza kwa utulivu.

Sasa mtazame kijana aliyefungwa. Anauliza, "Nimeharibu wapi?" Hilo ndilo swali la maana kupita yote yaulizwayo barazani, na ndilo lisilopata jibu. Watazamaji wanakumbuka hatua tatu za mwisho, wanazirudisha kete nyuma, wanamwonyesha pigo lilivyotokea. Kosa lenyewe halikuwa hapo. Lilikuwa hatua kumi na tano nyuma, alipoipeleka kete ya pembeni mbele bila haja, akaitumia ile hatua ya akiba ambayo baadaye ingemwokoa. Hakuna aiwezaye kuirudisha mbao ile kama ilivyokuwa, kwa kuwa haikuandikwa, wala haiwezi kuandikwa, maana miraba haina majina. Yule mzee aliyemfunga huenda anajua. Na kama hataki kusema, au hajui kusema, kijana atarudi kesho na kosa lilelile, safari hii akilaumu bahati.

Huko Paris karne ya kumi na nane hali ilikuwa hivyohivyo. Watu walicheza drafti katika nyumba za kahawa, wakabishana, wakasahau. Kisha Manoury, mtu aliyekuwa na mkahawa wake mwenyewe, alichapisha mwaka 1770 kitabu juu ya mchezo huo, na kuipa miraba tarakimu ili hatua zipate kuandikwa. Hakuwa mwanachuoni. Alikuwa muuza kahawa aliyechoka kusikia ubishi usiokwisha, na wauza kahawa wenye sababu hiyohiyo hawakosekani pwani. Ubao wa vizibo ishirini na vinne una miraba thelathini na miwili itumikayo. Kuipa tarakimu kwahitaji kipande cha mkaa na dakika mbili.

Mchezo alioushughulikia Manoury ndio uliokua ukawa drafti ya kimataifa. Ubao wake una miraba 100, hamsini kati yake ndiyo itumikayo, na kila mtu huanza na kete ishirini. Shirikisho la dunia la mchezo huu liliundwa mwaka 1947. Mchezaji wa Bagamoyo akiwekwa mbele ya ubao huo hatapotea. Kingi huruka mbali kama aijuavyo. Ila atakutana na sheria zitakazomshtua. Kete ndogo hula mbele na nyuma. Palipo na njia kadhaa za kula, lazima ifuatwe ile yenye kete nyingi kupita zote, wala hapana kuchagua iliyo salama. Kete ndogo ifikayo safu ya mwisho katikati ya kula, kisha ikaendelea kula na kutoka, haipati ukingi. Kila moja ya sheria hizi ni kamba nyingine katika mkono wa mtega mitego.

Sheria moja zaidi ni ya ajabu. Kete zilizorukwa haziondolewi mpaka mlaji amalize safari yake, wala kete moja hairukwi mara mbili. Hapo ndipo lilipozaliwa pigo ambalo Wafaransa huliita la Kituruki. Mtu humwachia kingi ya adui meza iliyojaa. Kingi huenda ikila, moja, mbili, tatu, nne, ikizunguka ubao kama mwenye shamba. Mwisho hufika mbele ya kete ambayo imekwisha kuiruka, nayo bado imesimama pale kama maiti asiyezikwa. Kuiruka tena haiwezi, kupita haiwezi. Husimama hapo ilipozuiwa na wafu wake, na kete moja ndogo iliyokuwa ikingoja kimya huja ikaila. Mapigo mazuri ni mengi, lakini hili lina ukatili wa aina yake, kwa kuwa kinachoiua kingi ni wingi wa ilichokula.

Mwafrika aliyeutia ulimwengu wa mchezo huu mshangao alikuwa Baba Sy wa Senegal. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya mwaka 1960 alishika nafasi ya pili. Pambano la mwaka 1963 ambalo lilipasa kumkutanisha na Iser Kuperman, bingwa wa Umoja wa Kisovieti, halikuchezwa; na ubingwa wa mwaka huo alitambuliwa kuwa nao mwaka 1986 tu, miaka minane baada ya kufa kwake. Alijulikana kwa mapigo yaliyowastaajabisha watu, lakini yatufaa zaidi jambo jingine: michezo yake inasomeka hata leo, hatua kwa hatua, kwa sababu iliandikwa kwa tarakimu. Kijana wa Dakar aweza kumwuliza Baba Sy alikosea wapi.

Mwisho wa mchezo nao una mitego yake. Watu wawili wamekwisha kumalizana, mmoja amebaki na kingi tatu na mwingine na kingi moja. Yote hutegemea ile njia ndefu itokayo pembe moja ya ubao hadi pembe ya pili. Mwenye kingi moja akiwa hanayo, zile tatu zaweza kupangwa kwa utaratibu zikamnasa; Mrusi Petrov alikwisha kuuonyesha utaratibu huo katika karne ya kumi na tisa, kwa ubao mdogo kama wa pwani. Akiwa nayo, hanaswi, na mchezo ni suluhu. Katika mashindano ya ubao mkubwa, mwenye kingi tatu hupewa hatua kumi na sita tu za kujaribu. Barazani hakuna kikomo hicho. Mwenye tatu huendelea kusukuma, akijua kwamba hawezi kushinda kwa haki, ila anangoja mwenziwe achoke, apokee simu, au ageuke kuitikia salamu, atoke njiani kwa hatua moja. Mwenye moja naye huishika njia yake, akienda na kurudi, akienda na kurudi, mpaka giza liingie na mwenye ubao auhitaji kuupeleka ndani.